Mkataba wa Zizi

Ndama wa mjane Wakesho alipokula mahindi ya tajiri Mghanga, tajiri huyo alidai mbele ya chifu apewe zizi zima la mjane.

"Nakubali," Wakesho alimwambia chifu, "ila mkataba auandike yeye, kwa Kiingereza chake kile anachotutambia."

Mghanga alicheka kwa dharau. "Hata hutajua unatia kidole kwenye nini!"

Akaandika, Wakesho akatia kidole gumba, chifu akapiga muhuri. Ndipo Wakesho alipochomoa kalamu kwenye leso yake, akampa Mghanga.

"Ya nini hii?"

"Si umeandika nikupe 'pen' yangu? Kwa Waingereza, zizi ni 'pen' na kalamu ni 'pen.'"

Chifu akausoma mkataba tena. "Ni kweli, umeshalipwa."

"Haya, msomi," Wakesho akasema, "kawafungie ng'ombe wako humo."