Marekebisho ya Katiba ya Itumbili

Mwenyekiti Lugendo aliwaita wanakijiji wa Itumbili barazani, akawataka warekebishe katiba ya kijiji ili asiweze kamwe kuondolewa madarakani. Watu wakanuna. Nyamizi, mjane mcheshi, akasimama.

"Mimi naunga mkono. Tuandike hivi: ni marufuku mwenyekiti kuondoka kitini, hata kwa hiari yake."

Lugendo akafurahi, akatia saini papo hapo. Punde haja ndogo ikambana, akainuka kwenda chooni.

"Keti, mheshimiwa," Nyamizi akamwambia. "Unavunja katiba."

Watu wakaziba njia. Lugendo akabana mapaja, jasho likimtoka.

"Rekebisheni basi!"

"Tuandikeje?" Nyamizi akauliza.

"Andikeni kila mwananchi ana haki ya kumwondoa mwenyekiti! Upesi, jamani!"

Mikono yote ikainuliwa kupitisha, kisha ikainuliwa tena kumwondoa. Lugendo akatoka mbio, cheo akakiacha kitini.