Mfarishi Uliokosa Mwenyewe

Hapo zamani za kale, jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwa Pimbi lilikuwa uji kuungua.

"Baba, umeungua tena," akasema Zuena, binti yake mkubwa.

"Najua. Kuleni."

Wakala. Tangu mama yao azikwe, miezi mitano nyuma, Zuena na wadogo zake, Kombo na Tatu, walikuwa wamejifunza kula bila kulalamika. Pimbi angependa walalamike.

Sufuria ikaoshwa, lakini harufu ya kuungua haikuisha. Pimbi akapanda juu ya jabali la nyumba yake, akatazama chini. Mbuga nzima ilikuwa inawaka. Tata-tata-tata! Moto ulikula majani, ukala vichaka, ukala nyumba. Ulipozimika, kware, digidigi, panya na sungura walikuwa wamejazana bondeni na watoto wao, hawana hata shuka moja.

Na baada ya siku saba ingeingia jalidi, ile baridi inayogeuza majani kuwa meupe. Mtoto mchanga hawezi kuivuka jalidi bila kufunikwa. Kila mnyama wa nchi ile alilijua hilo.

"Mama angewashonea mfarishi," akasema Tatu.

Kila mwaka, kabla ya baridi, mama yao alishona mfarishi mmoja: shuka chini, sufi katikati, viraka juu. Ukiisha, alimpa yeyote asiye nacho.

"Mama hayupo," akasema Kombo.

"Sisi tupo," akasema Pimbi, ingawa maishani mwake hakuwahi kushika sindano.

Akaenda kuomba vitambaa kwa wakubwa, ambao nyumba zao za mawe hazikuguswa na moto.

"Hodi!" kwa Simba.

"Nani huyo? Lo! Wewe Pimbi, sauti naisikia, mwili siuoni!"

"Shikamoo, Bwana Simba. Naomba vitambaa vikuukuu, tuwashonee walioungua."

"Mimi nimfunike panya? Ha! Ha! Ha! Ondoka kabla sijakukalia!"

Nyati akamfungia mlango, paa! Kifaru alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole sana," na yeye akafunga mlango, polepole.

Pimbi akarudi mikono mitupu. Wakakata khanga za marehemu na nguo za watoto, wakaanza kushona hivyo hivyo. Pimbi alishona kwa bidii, ulimi nje, hadi alasiri. Aliposimama kujinyoosha, mfarishi wote ukasimama naye. Alikuwa ameushonea kwenye suruali yake.

Watoto wakatazamana. Kombo akajikaza, akashindwa. "Kwi! Kwi! Kwi! Baba kajishona!" Wakacheka mpaka Tatu akagaragara chini. Pimbi akasimama pale pale, mfarishi ukining'inia kiunoni, hataki kujinasua upesi, kwa kuwa miezi mitano hakuwa amesikia sauti ile.

Lakini kilichoshonwa kingewatosha sungura watatu tu, wakibanana. Pimbi akafikiri. Kesho yake akautandaza mfarishi juu ya jabali, kando ya njia ya kwenda mtoni, akaketi.

Gudu! Gudu! Gudu! Nyati akapita.

"Hicho nini, Pimbi?"

"Mfarishi, bwana mkubwa. Mwaka huu utakuwa mkubwa ajabu."

"Wa nani?"

"Hilo bado halijulikani. Tunapokea vitambaa tu."

Nyati akakuna pembe. "Yaani atakayeleta vingi ndiye mwenyewe?"

"Hayo umesema wewe, bwana mkubwa. Mimi ni fundi tu. Namngoja Simba."

"Simba!" Nyati akafoka. "Simba atangulie mimi nipo?"

Kabla ya adhuhuri alirudi na mablanketi mawili. Jioni Simba akaja na mapazia ya sebuleni.

"Nyati kaleta ngapi?"

"Mablanketi mawili mazima, bwana."

"Mawili? Ngoja!" Akaenda, akarudi na mapazia ya chumbani pia. Nyuma yake sauti ya mkewe ilisikika: "Baba watoto! Watu watatuona ndani!"

Kifaru, aliposikia wenzake wanashindana, akaleta shuka kumi na turubai. Nyati akaongeza. Simba akaongeza. Siku ya tatu nyumba ya Pimbi haikuwa tena na pa kukanyaga.

"Sasa tushone haya mapazia kama yalivyo," akasema Pimbi, "yatakwenda upesi."

"La, Baba," akasema Zuena. "Mama hakufanya hivyo. Alikata vipande vya kiasi cha kiganja. Na viraka vya rangi moja havikukaa kando kwa kando, hata mara moja. Alisema kikubwa kikichanika kimechanika chote, lakini vidogo vinashikana."

Pimbi akamtazama binti yake. Akayatazama mapazia, mablanketi na mashuka. Kisha akatabasamu taratibu.

"Leteni mikasi," akasema. "Tutafuata njia ya mama yenu, sawasawa."

Kata! Kata! Kata! Kombo alikata, Tatu alijaza sufi, Zuena na baba yake walishona. Pimbi alipochoka aliutazama mkono wa Zuena. Ulipiga mishono midogo, iliyolala upande mmoja kama mvua ya upepo. Hivyo hivyo alishona mama yake, na hakuna aliyemfundisha Zuena. Alikuwa akikaa tu karibu naye. Pimbi akainamisha kichwa, akatunga uzi.

Siku ya saba wakubwa wakafika, kila mmoja amevaa vizuri kwa kuchukua mali yake.

"Haya, fungueni!" akanguruma Simba.

Watoto wakausukuma mfarishi uliokuwa umeviringishwa juu ya jabali. Puku, puku, puku, ukaporomoka, ukafunguka, ukashuka mteremko mzima na kufika penye majivu ya mbuga. Mwekundu, samawati, kijani, manjano. Maelfu ya viraka, na juu yake jua la asubuhi.

Kware mmoja bondeni alisimama wima, akasahau kufumba mdomo. Kifaru akapiga magoti, bila kujua kwamba amepiga magoti.

Simba ndiye aliyezinduka kwanza. "Mapazia yangu yako wapi?"

"Yapo yote, bwana mkubwa. Hapa, pale, kule, na kule chini."

Simba akatoa ukucha afumue kiraka chake.

"Weee!" Nyati akaruka. "Hicho cha pembeni ni blanketi langu! Uguse uzi huo tujuane leo!"

"Basi fumua chako!"

Nyati akainama. Kifaru akanguruma, "Hiyo shuka unayoikanyaga ni yangu."

Wakazunguka, wakainama, wakachungulia. Kila kiraka cha Simba kilishikwa na vya wenzake pande zote nne. Kila cha Nyati vilevile. Hapakuwa na mahali ambapo mmoja wao angeweza kuchukua chake asichane cha mwingine.

"Pimbi! Umetudanganya!"

"Nimemdanganya nani, waheshimiwa? Chukueni vyenu. Ila kila mtu asiguse cha mwenzake."

Upepo wa baridi ukapita. Bondeni watoto wakalia.

"Kwa hiyo ni wa nani?" akauliza Kifaru, bado magotini.

"Ni wa wanaosikia baridi," akasema Tatu, mdogo kabisa.

Wakubwa wakatazama mfarishi, wakatazamana. Hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake, basi kila mmoja akashika pembe moja, amchunge mwenzake asiuchukue. Pembe ya nne ikashikwa na Pimbi na wanawe, wakaongoza kushuka. Wakaubeba hivyo hivyo, wakichungana, mpaka bondeni, wakawafunika wote.

Watoto, funzo ni hili: vitu vyetu vikishonwa pamoja, hakuna awezaye kuondoka na chake peke yake.

Jalidi ilishuka usiku ule ule. Asubuhi nchi nzima ilikuwa nyeupe, na katikati yake mfarishi umelala, ukifuka mvuke kidogo kidogo. Pimbi akashuka peke yake. Akainua upindo. Digidigi walikuwa wanapumua, panya wanapumua, sungura wanapumua. Na katikati yao, amekunjamana, mtoto wa Nyati, aliyeletwa kimyakimya na babaye.

Pimbi hakumwamsha yeyote. Akapiga magoti kwenye baridi, akaingiza mkono chini ya mfarishi, akauacha humo mpaka ukapata joto.