Mmoja Hajaketi

Kaeni, wapendwa. Kaeni wote. Mama pale kati, sogea kidogo mwenzako apate nafasi. Leo nina hadithi ya kutunga, nimeiandika wiki nzima, na nawaambia mapema kwamba imenifurahisha mpaka chai ikanipoa mezani.

Kulikuwa na jumba moja la michezo ya kuigiza. Watu wakilipa kiingilio wanaona nini? Wanamwona mfalme ana joho, malkia analia, askari wanapigana. Hawamwoni aliyeshona lile joho, wala anayevuta pazia. Na juu kabisa, karibu na bati, kulikuwa na mtu wa taa. Kila onyesho alipanda ngazi ya mbao kwenda kuzielekeza taa zake, na ngazi yenyewe ilikuwa imeoza. Alisema mara ya kwanza, akasema mara ya pili. Mwenye jumba akamjibu, "Si unapanda na kushuka kila siku? Ngazi nzima hiyo."

Siku moja ikakatika naye juu. Akavunjika mguu. Na mwenye jumba, mnajua alifanya nini? Aliifunga ngazi kwa kamba, kesho yake akamwita mama aliyekuwa akishona mavazi. "Kuanzia leo taa ni zako."

Mama akaitazama ngazi. Akaitazama kamba. Akasema, "Sipandi."

"Basi apande mvuta pazia."

"Na mimi sipandi," akasema mvuta pazia.

Jamani, nilipofika hapo niliinuka kitini peke yangu! Sipandi, sipandi, mpaka mfagiaji. Kumbe siku iliyotangulia walikuwa wamekutana nyuma ya jukwaa, wamekaa juu ya masanduku ya mavazi, wakakubaliana: hapandi mtu mpaka ije ngazi mpya, na mwenzetu akipona arudi kwenye kazi yake. Wakapeleka habari kwa wenzao wa majumba mengine ya mji ule. Na wale wakajibu, "Ngazi zetu ni hizo hizo. Bwana wenu akituita tuje kushika nafasi zenu, hatuji." Mnaona? Watu ambao hawajawahi kupigiwa makofi hata siku moja!

Lakini mwenye jumba naye si mjinga. "Hamtaki kupanda? Vizuri. Jumamosi tunaonyesha saa nane mchana, madirisha wazi. Jua halihitaji ngazi." Akaongeza kwamba onyesho hilo likipita salama, Jumatatu wote wataondoka, na yule aliyevunjika mguu asikanyage tena pale.

Wakabaki na tumaini moja tu, mwigizaji mkuu, yule aliyekuwa mfalme. Mji mzima ulikuja kwa ajili yake. Aliyetumwa kumwomba alikuwa mama mmoja mwenye kazi ya ajabu. Alikaa ndani ya kishimo mbele ya jukwaa, kitabu mkononi, na mwigizaji akisahau maneno, yeye humnong'oneza. Aliyajua maneno ya kila mtu, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuuona uso wake.

"Baba," akamwambia, "wewe ukisema neno moja tu mwenye jumba atakusikiliza. Simama nasi."

"Mama yangu, nawaonea huruma, kweli kabisa. Lakini mimi kazi yangu ni jukwaani, ngazi sizijui. Hayo ni mambo yenu."

Mambo yenu! Lishikeni neno hilo, nitaliuliza baadaye.

Jumamosi ikafika. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Mchezo ulikuwa wa mfalme aliyewatoa watu wake kwenye nchi ya njaa, wakatembea jangwani miezi mingi. Mwishoni wanafika. Mfalme anasimama mbele ya kiti chake cha enzi, anawatazama waliochoka, anasema maneno ambayo kina mama walikuwa wakiyalilia kila mara: "Sitaketi mpaka wa mwisho wenu aketi." Watu wake wanaketi, kisha naye anaketi, pazia linafungwa.

Alikuwa ameyasema maneno hayo zaidi ya mara mia. Siku hiyo akafungua kinywa, hakuna kitu. Yamepotea yote! Akatupa macho pembeni kutafuta msaada, na nani alikuwa amesimama pale kando ya pazia? Mtu wa taa, kaja kuwatazama wenzake kwa mara ya mwisho, kaegemea magongo.

Na kutoka kishimoni ikaja sauti ya yule mama, taratibu: "Sitaketi mpaka wa mwisho wenu aketi."

Fikirini, ndugu zangu. Si angeweza kunyamaza? Si angemwacha aaibike mbele ya mji mzima, aonje naye? Hakunyamaza. Na yule bwana, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuyasema, akayasikia.

Akayatamka. Watu wake wakaketi. Yeye hakuketi. Mvuta pazia kashika kamba, anangoja. Mwenye jumba, pale kiti cha mbele, anampungia mkono: kaa! kaa bwana!

"Kuna mmoja hajaketi," akasema mfalme.

Hayo hayakuwamo kitabuni! Akaenda kando ya pazia, akamshika mkono mtu wa taa, akamleta na magongo yake mpaka kwenye kiti cha enzi, akamketisha. Akawageukia watazamaji. "Huyu ndiye aliyenimulika miaka yote mkaniona. Amevunjwa na ngazi mbovu, nami nikasema si yangu. Sichezi tena hapa mpaka ngazi ibadilishwe, huyu arudi kazini, na wenzake wasiguswe."

Jumba zima likasimama! Haleluya! Jumatano ngazi ya chuma ikaletwa, na mwezi haukuisha kabla majumba yote ya mji ule hayajapata za kwao.

Mnapiga makofi. Pigeni, hata mimi nilipiga. Sasa acheni.

Nani amesikia kengele leo? Hakuna. Mlidhani Mzee Mbonea, mpiga kengele wetu, kapitiwa na usingizi. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, yeye na mama wawili wanaosafisha kanisa na fundi wetu wa vipaza sauti. Akaniambia, "Mchungaji, ngazi ya mnara haina vipandio vitatu. Nimesema tangu Pasaka ya mwaka juzi. Leo sipandi, na hawa nao hawatapanda badala yangu."

Nami, hadithi hii ikiwa mezani, nimeiandika kwa mkono wangu huu, nikamjibu nini? "Mzee wangu, hayo ni mambo ya kamati ya majengo."

Nikafunga mlango. Nilikuwa bado nimeshika kitasa nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Wapendwa, niliona aibu sana.

Sisi maneno tunayajua. Tunayaimba bila kufungua kitabu. Lakini tukiyasahau, Mungu hatumi malaika mwenye tarumbeta. Anatuma watu wanne mlangoni asubuhi, na sisi tunawaambia waende kwenye kamati. Tuliketi hapa miaka miwili tukiita watu kwa kengele, na kila mlio ungeweza kumuua mzee. Nani kati yetu alikuwa hajui?

Nilisema kaeni wote. Mmoja hajaketi. Yuko nyuma pale, ameegemea nguzo tangu tuanze. Mzee Mbonea, njoo. Kiti changu kile, chenye kitambaa chekundu. Njoo ukae, baba. Mimi sikai.

Fundi Elirehema, seremala wetu, najua msumeno uko kwenye pikipiki. Mbao zipo nyuma ya nyumba yangu, nilizinunua za banda la kuku, kuku watasubiri. Ibada haijaisha, inaendelea chini ya mnara.

Inukeni.