Bibi wa Ndani ya Mvule

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa msitu, na mwenye msitu ana shoka. Sogeeni karibu, anayesinzia nitamkata yeye.

Basi Mbogo alirithi msitu wa ukoo. Nyumba yake ilivuja, mvua ikinyesha nje, ndani hunyesha zaidi. Maskini, alitaka bati. Akasema, "Nitauza mbao. Nitakata yote, sibakishi hata fito!"

Kindi akasikia, moyo ukamwenda mbio. Alikuwa na watoto ndani ya pango la mvule, wachanga, macho hayajafunguka. Awapeleke wapi? Akalia kidogo, akafuta machozi kwa mkia, akaanza kufikiri.

Mbogo, kama wapasua mbao wote, hakati mti bila kuugonga kwanza kwa kisogo cha shoka, asikie kama ni mzima. Akagonga mvule mmoja. Ko! Ko! Mzima. Cha! Cha! Cha! Puu! Akagonga mwingine. Ko! Ko! Mzima. Cha! Cha! Cha! Puu! Akafika kwa Kindi. Bu! Bu!

"Nani huyo anagonga bila hodi?" ikauliza sauti ya kizee kutoka ndani.

Shoka likamponyoka. "Ho... hodi! Ni mimi, Mbogo."

"Na shikamoo umeiacha wapi?"

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sisi wazee wako tuliotangulia tunakaa kwenye miti yenye mapango. Mizima ni yako, kata ujenge."

Kumbe ni Kindi, kabana pua!

Tangu hapo, mti ukilia ko, Mbogo hukata. Ukilia bu, huuamkia na kupita. Bundi wakabaki, nyuki wakabaki, perere, wale wapiga kelele wa usiku mitini, wakabaki. Mbao zikauzwa, bati likapanda, Mbogo akalala pakavu.

Lakini mlafi ni mlafi. Akarudi na shoka. Bu! Bu!

"Hodi! Shikamoo, bibi. Mizima imekwisha, na sasa nataka na baraza."

Kindi akawakumbatia wanawe, akabana pua. "Marahaba. Kata tu, mjukuu wangu. Nami nitahamia kwako, chini ya bati jipya, mimi na wazee wote. Tandika mikeka, tunakuja."

Mbogo akatimua mbio, tifu tifu tifu! Hata shoka aliliacha.

Funzo, wanangu: msiseme uongo. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Kindi haikufika hata tawi moja: alikuwa kwake tayari, ananyonyesha.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Anayeitaka apige hodi.