Chumba cha Mbele cha Bi Mwanaidi

Haya, sogeeni mkae vizuri. Na wewe uliyezoea kusinzia, kaa hapa karibu nami nikuone. Leo sina sungura wala fisi. Nina kesi, na mahakimu ni ninyi.

Katikati ya Dar es Salaam, nyuma ya maghorofa yanayoziba upepo, pana mtaa unaitwa Mlangilangi. Usiutafute kwa gari, maana gari halipiti. Vichochoro vyake vilipangwa na watu waliokwenda kwa miguu. Nyumba ni za udongo na boriti, za tangu enzi za Mjerumani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Kelele za jiji zinaishia kule barabarani. Ukiwa Mlangilangi unamsikia jirani akikoroga chai, na akipiga chafya unamwombea rehema bila kuinuka kitandani.

Bi Mwanaidi aliletwa mtaa huo akiwa mwari, akazeekea humo. Hakujaliwa mtoto. Mumewe, Mzee Kondo, alipofariki mwanzoni mwa masika, bibi akaingia eda katika chumba cha nyuma kama ilivyo desturi: miezi minne na siku kumi ndani, shuka jeupe mwilini, asionwe na mwanamume wa kando. Nyumbani wakabaki naye wapangaji watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Chausiku, muuza vitumbua, alipewa masikio. Alikaa barazani na chuma chake cha vitumbua, mgongo kaupa mtaa, na bado alijua nani anapita. "Shikamoo, Mzee Mgeni, mbona leo unachechemea?" Ana watoto wawili wadogo, baba yao alikwenda Songea kutafuta maisha, na naona njia ya kurudi imempotea.

Pazi, hamali wa sokoni, alipewa bega. Gunia la viazi ambalo watu wawili hulinyanyua kwa kulalamika, yeye alilibeba huku anatafuna muwa. Maneno tu ndiyo hakupewa.

Shomari, fundi cherehani, alipewa wembamba, akaongezewa haya. Watu walimtania kwamba akisimama upande hana kivuli. Akizungumza na mwanamke, macho yake hayabanduki kwenye sindano. Sijui alichumbia vipi, lakini alichumbia, na siku ya harusi ilikwishapangwa.

Sasa sikilizeni. Kwenye kiwanja cha nyuma palikuwa panachimbwa msingi wa ghorofa. Mvua ikanyesha usiku na mchana, shimo likajaa maji, ardhi ikalainika. Asubuhi moja watu wako kwenye chai, ukuta wa nyuma ukaenda. Haukupiga kishindo, ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka, na paa likaufuata.

Bi Mwanaidi alijikuta uvunguni mwa kitanda, boriti imelala juu yake, udongo umemfunika miguu. Macho hayaoni kitu. Ila masikio yalikuwa wazi, akasikia sauti za watu huko nje.

"Bibi katoka?"

"Katoka! Yule pale kwenye baraza la msikiti, kajitanda shuka lake."

"Alhamdulillahi!"

Lo! Aliyekuwa pale barazani ni kizee wa nyumba ya jirani, kakimbia na shuka la kitandani, analia hata kusema hawezi. Hakuna aliyemfunua. Hakuna aliyemsogelea. Wanaume waligeuza nyuso, wanawake walimpa nafasi. Nani aende kumkodolea macho mwanamke aliye edani? Heshima ile nusura imzike mtu.

Bi Mwanaidi alijaribu kuita, vumbi likamkaba. "Wananishukuria Mungu," akawaza, "na mimi nipo huku ninakufa." Akaogopa, akaogopa sana, kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Ndipo akaisikia sauti ya Chausiku.

"Yule siye."

"Siye nani?"

"Siye Bi Mwanaidi! Tangu Mzee Kondo afe ninalala ukuta mmoja na bibi, namsikia anavyolia. Yule analialia kwa koo. Bibi analia kwa pua."

"Ebo! Chausiku, usituletee uchuro hapa."

Hakubishana nao. Akamkabidhi jirani watoto wake, akaenda kwenye kifusi, mvua inamnyeshea, akalaza sikio juu ya tope. Bi Mwanaidi akakwaruza mbao kwa kucha. Basi. "Yuko hapa!" Chausiku akapiga ukelele. "Jamani, yuko hapa chini, mzima!"

Wakataka kufukua, lakini kila wakigusa, boriti kubwa inashuka. Akaja Pazi. Bi Mwanaidi aliona mwanga umeingia kama upana wa kiganja, akasikia mtu anahema juu yake. Pazi alikuwa kaingiza bega chini ya boriti, kainyanyua na paa lake lote. "Ingieni," akasema. "Upesi." Punde kitu kikalia ka! Bibi alidhani ni mbao. Ulikuwa mfupa wa bega la Pazi, na Pazi hakutoka pale.

Upenyo ule ulikuwa wa mtu mmoja tu mtaani. Shomari akavua viatu, akaingia kwa tumbo. Alipokaribia, neno la kwanza la Bi Mwanaidi lilikuwa hili: "Usinitazame! Shuka limenitoka, na mimi nimo edani. Kuonwa hivi, bora nife."

Wewe unacheka? Usicheke. Mtu aliyenyang'anywa mume na nyumba, alichobakiwa nacho ni hicho. Shomari hakumwambia kwamba dharura ina ruhusa yake. Alivua shati, akajifunga machoni. "Nimefumba, bibi. Niongoze." Basi yule asiyeweza kutembea akamwongoza yule asiyeona: kushoto, hapo ni mguu wangu, taratibu, vuta. Wakatoka hivyo, Shomari kifua wazi, macho yamefungwa, kamkumbatia mjane mikononi, wanawake wanakimbilia kumfunika bibi kwa kanga, na mtaa mzima unatazama. Pazi akaachia bega. Chumba kikajizika.

Mngependa niishie hapo. Mimi pia.

Ndugu wa Mzee Kondo walikuja na sheria ya mirathi, na sheria ni sheria: mjane asiye na mtoto ana robo. Mafungu yao wakamuuzia mwenye ghorofa hata tope halijakauka. Fungu la Bi Mwanaidi likawa chumba kimoja cha mbele na baraza lake. Naye miguu haimbebi tena. Mtoto wa dada yake atamchukua kwenda naye Tanga eda ikiisha. Nia yake ni kumwachia chumba mmoja wa wale watatu, amtunzie, na siku ya siku ampokee akirudishwa ndani ya jeneza, asomewe dua kwenye baraza lake mwenyewe na kuzikwa kando ya mumewe. Hilo tu ndilo analolitaka duniani. Na Mlangilangi hakuna chumba kingine. Atakayekosa ahamie huko jiji linakoishia.

Watatu hao walikuwa wakila sinia moja ukumbini. Sasa hata salamu zinapita kwa taabu.

Pazi, bega limeungwa kombo, sokoni hawamwiti tena, alisema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema: "Hapa nikilala na njaa, mtu atanigongea. Huko nitakufa, wajue kwa harufu."

Shomari alisema akitazama sakafu: "Baba mkwe kavunja uchumba. Anasema aliyemkumbatia mjane wa edani haoi kwake. Wateja nao wameanza kunikimbia. Bibi, ukinipa wewe chumba, mtaa utajua sikukutendea ubaya. Nikihama, watasema nimefukuzwa."

Chausiku alilia kwanza. "Mimi sikuvunjika mfupa, wala jina. Najua. Lakini ningenyamaza, wangekusomea hitima mchana huo huo. Na hawa watoto, bibi, niwapeleke wapi na mvua hizi?"

Msiniambie wakae wote. Mwanamke na wanaume wasio ndugu zake, chumba kimoja? Msiniambie wanaume wabanane humo wawili. Na Chausiku aende wapi? Wala msiniambie auze wagawane, maana siku atakayouza, ghorofa litasogea mpaka barazani, wote watahama, na maiti yake haitakuwa na mlango wa kutokea. Hayo yote aliyawaza kabla yenu, kitandani, kila siku ya Mungu.

Eda ikaisha. Wanawake wakamwogesha, wakamvika, wakambeba hadi barazani. Watatu walikuwa wamekaa chini mbele yake, kila mtu anatazama upande wake. Ufunguo uko kiganjani, umepata joto. Bi Mwanaidi akawatazama mmoja mmoja, roho ikamuuma. "Ningekufa siku ile," akawaza, "hawa wangekuwa bado wanakula pamoja." Akaona aibu, wallahi, aibu ya kuwa hai.

Mtoto wa dada yake akamgusa bega. "Mama mdogo, gari linatungoja barabarani."

Akanyoosha mkono wenye ufunguo.

Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Nimewahi kuwauliza wengi kabla yenu, wakanuniana mpaka wakaondoka bila kuagana. Sasa zamu yenu. Aliyesikia, aliyebeba, aliyefumba macho: ungekuwa wewe, ungempa nani? Na wale wawili utakaowanyima, ungewatazama usoni ukawaambia nini?