Malimbuko ya Sefue

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni! Masikio mmeyaleta? Mmeyaleta. Basi yafungueni.

Hapo kale, kale ile ya kale, kabla kengele ya kanisa haijalia katika milima hii ya Upare, alikuwako mtu jina lake Sefue. Shamba lake lilikuwa bondeni kando ya mto, na kila mwaka mahindi yake ndiyo yaliyotangulia kukomaa. Desturi nayo ilikuwa hivi: hakuna kula zao jipya mpaka malimbuko yafike mtambikoni. Na mwaka ule ulikuwa wa njaa. Watoto walichemshiwa majani. Nyie mnaobakiza wali, mnanisikia?

Kijiji kizima kikamngoja Sefue. Sefue akachuma mahindi saba ya malimbuko. Akayatazama. Mate yakamjaa kinywani.

"Nichome moja tu," akasema.

Akachoma, akala. La kwanza likamwita la pili, la pili likamwita la tatu, mpaka saba yote yakaisha!

"Nikachume mengine saba? Hasara hiyo! Mizimu ina meno?"

Basi akayavika magunzi maganda yake, akayapachika ndevu za mahindi, akafunga furushi. Ukiliona, utasema mahindi kweli.

Asubuhi yake, watu wote wakiwa mtambikoni, Mzee Mkwizu, mtunza mtambiko, akalipokea furushi, akaomba. Kisha akatoa moja, akamrudishia Sefue.

"Watu wana njaa mno mwaka huu. Onja wewe kwanza, utuambie kama yamekomaa."

"Mimi? Mimi nimeshiba, mzee."

"Umeshiba nini, na wote tuna njaa?"

Loo! Sefue akafunua ganda kidogo, akaziba kwa kiganja, akauma. Kra! Kra!

"Tamu?"

"Tamu, mzee!"

"Mbona unatoka machozi?"

"Ni utamu!"

Mkewe, Nakiete, akashika kiuno. "Baba watoto, tangu lini hindi likatafunwa pamoja na gunzi lake?" Akafungua furushi. Gunzi. Gunzi. Gunzi.

Sefue akapiga magoti, jino lililong'oka mkononi. "Niliyala mimi. Njaa ilinishinda, kisha uchoyo ukanimaliza."

"Njaa ningeisamehe papo hapo," akasema Mzee Mkwizu. "Lakini watoto hawa walikuwa wanakungoja wewe. Kachume mengine. Na leo kijiji kinakula kwako."

Akachuma, safari hii yale makubwa kuliko yote. Yakatolewa. Watu wakateremka bondeni, wakachoma, wakala, wakaimba. Na Sefue? Shavu limevimba, hawezi kutafuna hata punje! Kazi yake ikawa kugeuza mahindi ya wenzake motoni na kunusa. Nakiete akamhurumia, akamtwangia punje chache, akamlisha kama mtoto mchanga, na watoto wakimcheka mpaka wakaanguka.

Ndiyo maana, mkipeleka malimbuko kanisani, nasema toeni mapema, kabla tumbo halijaanza kuwashauri. Mungu hana njaa. Mwenye njaa ni jirani anayewangoja.

Kisa nimekitua, mgongo wangu umepumzika. Anayekitaka na akibebe.