Mapaja Hamsini ya Kuku

Mkono uliotetemeka kwa kuku, kwa mtu hutulia. Mmeisikia kwa wauguzi, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali, wanangu. Chanzo chake ni wivu wangu mimi.

Tulikuwa madaktari wawili tukijifunza kuunga mishipa midogo ya damu, mimi na Zamda Kipande. Mwalimu wetu, Daktari Ruhinda, alitupa sharti: hakuna kumgusa mgonjwa mpaka uunge mishipa hamsini ya mapaja ya kuku chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukimaliza, unapitisha maji yenye wino wa bluu. Yakivuja, mshipa huo hauhesabiwi.

Mimi nilisifika kwa wepesi wa mkono. Zamda alitoka zahanati ya mbali, na wiki za kwanza kibano kilimtetemeka mpaka nikamwonea huruma. Lakini kila asubuhi alipitia sokoni kununua mapaja, akaja kushona. Mwezi wa pili wino wake ukaacha kuvuja. Mwalimu akawa anasimama nyuma ya kiti chake, si changu. Kila "vizuri, Zamda" ilinichoma.

"Umekuwa fundi wa kuku," nilimwambia mbele ya wenzetu. Wakacheka. Yeye akaendelea kushona.

Sikuvumilia anitangulie. Nikiwa nimeunga mishipa kumi na tisa tu, nikamwambia mwalimu nimemaliza hamsini. Akaniamini.

Wiki hiyohiyo akaletwa Mama Kemilembe, mfugaji, kidole gumba kimekatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mwalimu aliunga mfupa, kisha akaniachia mshipa. Nilipotazama kwenye hadubini, ncha ya sindano ilikuwa ikicheza. Nikachoma, mshipa ukachanika. Nikachoma tena, ukachanika zaidi.

Zamda alisimama pembeni akitazama. Kuliko kumpisha kwenye kiti kile, niliona afadhali kufa. Lakini kidole kilikuwa kimepauka, na mama yule alikitegemea kukamulia ng'ombe.

"Mwalimu, nilidanganya," nikasema. "Ni kumi na tisa tu. Mpe Zamda, yeye ametimiza hamsini."

Akaniashiria niinuke. Zamda akaketi, akaondoa nilipochana, akaunga upya bila mkono kutikisika. Damu ilipoachiwa, rangi ikarudi kidoleni.

Tulipotoka nikamuuliza, "Hukuogopa?"

"Niliogopa, kaka. Ila kutetemeka kwangu kuliishia kwa kuku."

Muuguzi aliyekuwa akinawa mikono karibu yetu akayadaka maneno hayo. Kabla ya wiki kuisha, hospitali nzima ilikuwa ikiyasema kwa namna yake.

Msidhani wivu uliisha siku ile. Mama Kemilembe aliporudi kushukuru, alimshika Zamda mkono, nami nikageuza uso. Mwalimu alikuwa amenirudisha kwenye mshipa wa kwanza. Nilikaa jirani na Zamda, kibano kikinitetemeka mbele ya macho yake, na hata mara moja hakunicheka. Kutimiza hamsini kulinichukua miezi mitano.

Basi tetemekeni sasa, mkiwa bado kwa kuku, wala msione haya. Mkono uliotetemeka kwa kuku, kwa mtu hutulia.